Mpeni Bibi Mfinyanzi Darasa Angali Hai

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia elimu, utamaduni na serikali za mitaa nchini Tanzania,

Waheshimiwa,

Katika vijiji vingi vya nchi yetu yupo mwalimu wa sanaa ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote ya walimu. Ni bibi mfinyanzi. Alianza akiwa na miaka sita au saba, akimfuata mama yake bondeni na kikapu cha udongo kichwani. Kabla hajavunja ungo alikuwa ameshajua kufinyanga vibakuli vya mboga. Alipoolewa aliingia na kazi yake mkononi, akalea watoto kwa fedha ya vyungu, akawafundisha binti zake na wakamwana wake, kisha wajukuu. Leo ana miaka sabini na kitu, au themanini. Ndiye anayeitwa kukitokea msiba au posa, ndiye anayejua nani ni ndugu wa nani na shamba lipi liligawanywa lini. Na akikaa chini, akanyoosha miguu, akashika tope, mkono wake haubabaiki.

Sisi tunaoandika ni walimu na mafundi wa udongo. Ombi letu ni moja: mpeni bibi huyu darasa, kwa malipo, angali hai. Mengine yote yaliyomo humu ni maelezo ya namna ya kulitekeleza, kwa sababu mipango mizuri ya aina hii hupasuka kama chungu kilichotiwa motoni kingali kibichi, na kinachoipasua huwa ni mambo madogo ambayo hakuna aliyeyauliza mapema.

Wakati ni huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na utekelezaji ulianza Januari 2024. Shule zinatafuta watu wa kufundisha stadi za mikono. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Katika shule nyingi wito ule uliishia kwenye jembe na fyekeo, na bibi mfinyanzi aliyekuwa akiishi ng'ambo ya uwanja wa mpira hakuitwa. Binti zake wakamaliza darasa la saba bila kuambiwa kwamba anachokijua mama yao ni elimu.

Wala tusidhani hii ni kazi ya pembeni katika historia yetu. Mwambao wetu unasomeka kwa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Vyungu vyenye michoro ya pembetatu vya karne ya 6 hadi ya 10 vimefukuliwa kuanzia pwani ya Kenya hadi Kilwa na hata bara, na kwavyo wanaakiolojia wameweza kuonyesha kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wenyeji. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alitoka katika nyumba ya wafinyanzi na aliuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Kule Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe bado hufinyanga na vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi hadi soko la karibu na Matema. Katika milima ya Upare vilevile ujuzi huu umeshuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mikono hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Tunaomba mwelewe kwanza kwamba bibi ana mtaala. Hajauandika, lakini una mpangilio, na ukiuvuruga chungu hakisimami.

Somo la kwanza ni kuujua udongo. Haufai ule wa juu wenye mizizi na mboji. Bibi huchimba dhiraa moja au mbili chini, mpaka afikie tabaka linaloshika jembe na kung'aa pale lilipokatwa. Hapo humega kipande, hukilowesha kidogo, hukifanya kamba yenye unene wa kidole, kisha huizungusha kwenye kidole cha shahada. Ikizunguka bila kupasuka mgongoni, udongo una mnato. Ikipasuka, hauna nguvu, au una mchanga mwingi. Kisha hutia chembe kidogo baina ya meno ya mbele. Wageni huona ajabu, lakini meno husikia mchanga ambao vidole havisikii.

Pwani na visiwani adui mkubwa ni chokaa. Ardhi yetu ni ya matumbawe, na udongo hubeba vipande vya makombe na mawe meupe vidogo kama punje ya mchele. Punje moja ikipita motoni hugeuka chokaa kali. Chungu hutoka kizima, kizuri, mtoto akafurahi. Baada ya siku mbili tatu ile chokaa imekunywa unyevu wa hewani, imevimba, na imerusha kibanzi kutoka ubavuni. Tundu linabaki na nukta nyeupe katikati. Mwalimu asiyejua hili atasema moto ulikuwa mkali au mtoto alifinyanga vibaya. Bibi atatazama ile nukta nyeupe, atauliza udongo ulichimbwa wapi, na shimo lile litaachwa.

Somo la pili ni kuuandaa. Udongo hukaushwa kabisa, huvunjwavunjwa, halafu hulowekwa. Ajabu yake ni kwamba donge lililokauka kabisa hulainika majini haraka kuliko lile lenye unyevu nusu, ambalo hubaki gumu ndani. Baada ya siku mbili au tatu huchujwa mizizi na mawe, hutandazwa kwenye majivu au gunia mpaka ushike, hukandwa, kisha hufunikwa kwa gunia bichi na majani ya mgomba kwa wiki mbili. Ukikaa hivyo huchacha kidogo, hutoa harufu ya kinamasi, na mnato wake huongezeka. Shule nyingi huruka hatua hii kwa kuwa haina cha kuonyesha. Ndiyo inayoamua kama kamba zitakunjika au zitakatika.

Kisha unatiwa unga wa vigae. Vyungu vilivyovunjika hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa, na kipimo kinachofaa kwa kuanzia ni debe tatu za udongo kwa debe moja ya unga huo. Kwa chungu cha kupikia punje ziwe kubwa kiasi, kama chenga za mahindi. Kwa mtungi wa maji ziwe laini zaidi. Vigae vimeshaungua, kwa hiyo havisinyai tena. Vinaufungua udongo ili maji yapate njia ya kutoka, na ufa mdogo unapoanza hukutana na punje ukakoma. Vikizidi, kamba hukatika mkononi. Vikipungua, chungu hukatika motoni. Na kwa sababu vigae hivyo vilitoka kwenye vyungu vya zamani, ambavyo navyo vilitiwa vigae vya zamani zaidi, kila chungu kipya kwenye ua wa bibi kina chembe za kazi ya mama yake na ya bibi yake. Hilo tunalisema kama maelezo ya kifundi, na ni kweli.

Tope likishakandwa ndipo kufinyanga kunaanza. Bonge huwekwa juu ya gae kubwa linalozungushwa taratibu, au chungu hukaa chini na bibi mwenyewe hukizunguka kinyumenyume. Kamba za udongo hupandishwa moja juu ya nyingine. Mtoto huzipanga kama nyoka aliyejikunja na kulainisha nje tu. Kwa macho ni nzuri, ndani kila maungio ni ufa unaosubiri. Bibi hubana kamba kwa dole gumba, akiuvuta udongo wa juu uteremke juu ya ule wa chini, ndani kwanza halafu nje, mpaka alama ya maungio ipotee kabisa. Akifika theluthi ya kimo anaacha. Anafunika mdomo kwa kitambaa kibichi ili maungio yanayofuata yasikauke, na anaruhusu sehemu ya chini ishike ndipo ibebe uzito. Kung'ang'ana kumaliza chungu kwa mara moja ndiko kunakofanya tumbo libonyee.

Unene wa ukuta ni kama nusu wanda, yaani nusu ya upana wa kidole, kwa chungu cha familia, na uwe sawa kote. Bibi hapimi kwa rula. Hupiga ukuta kwa ukucha na kusikiliza, au hubana kati ya dole gumba na kidole cha shahada huku mkono ukizunguka. Hupara kwa kipande cha kifuu au cha kibuyu. Chungu kikishikana kama jibini, husuguliwa kwa kokoto laini la mtoni au ganda la kome mpaka king'ae. Kusugua huko hubana chembe za juu, na ndiko kunakofanya mboga isigande. Kitako cha chungu cha kupikia huwa cha mviringo kwa sababu moto hukizunguka bila kukutana na kona, na penye kona ndipo joto linapopasua. Mwanafunzi akiambiwa hivyo huku ameshika chungu chenyewe, amepata fizikia ya wiki nzima.

Kukausha ni pale papara inapoua kazi zaidi ya mahali pengine popote. Udongo husinyaa: shubiri moja ya tope itatoka motoni imepungua karibu wanda moja. Sehemu inayokauka mbele ya wenzake husinyaa mbele ya wenzake, na hapo ufa huzaliwa, kwa kawaida mdomoni, kwa sababu mdomo ni mwembamba na unapigwa na upepo pande mbili. Kwa hiyo vyungu hukaa kivulini, penye upepo kidogo, mdomo umefunikwa, siku saba hadi kumi wakati wa kiangazi na hata wiki tatu masika. Visiwekwe juu ya sakafu ya saruji, kwani kitako hung'ang'ania sakafu huku sehemu nyingine zikisinyaa, na kitako hupasuka katikati. Majivu, mchanga au jani la mgomba chini yake huponya.

Walimu wengi hufundisha kwamba chungu hulipuka motoni kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya udongo. Tunaomba mafunzo ya walimu yarekebishe hili. Kinachopasua ni maji. Yakigeuka mvuke hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na yakikosa njia huirusha nyama ya chungu. Ndiyo sababu bibi huweka chungu shavuni kabla ya kuchoma: kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado kina maji. Ndiyo sababu pia asubuhi ya kuchoma huwasha moto mdogo wa majani na kuvipasha vyungu midomo ikiwa chini, kwa saa moja au zaidi, mpaka rangi ibadilike na jasho liishe.

Kuchoma kwenyewe ni tanuri la wazi. Kuni kavu hutandikwa chini, vyungu hupangwa vikubwa ndani na vidogo nje, makumbi ya nazi au samadi kavu ya ng'ombe hujazwa kati, juu hufunikwa kwa magome na majani. Moto hupanda haraka, kati ya nyuzi 600 na 800 za Sentigredi, na kazi huisha kwa saa moja au mbili. Dalili ni wekundu: chungu kinatakiwa kionekane chekundu chenyewe, kama kaa linalofifia, wala si wekundu wa mwali unaokilamba. Kisipofika hapo, yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo hayajatoka, na ukikitia maji kitarudi kuwa tope. Upepo ukigeuka ghafla ukapiga ubavu mmoja, utasikia mlio mkavu kama kijiti kinachokatika; hicho kimekwenda. Kwa hiyo tarehe ya kuchoma haipangwi na ratiba ya mkuu wa shule. Inapangwa na anga la asubuhi ile, na bibi apewe mamlaka ya kusema "leo hapana" hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Baada ya moto, chungu cha kupikia hupikiwa uji mzito kwanza, kikaachwa nao usiku kucha. Wanga huziba vitundu. Mtungi wa maji haufanyiwi hivyo, maana tunataka utoe jasho: maji yanayopenya na kukauka nje ndiyo yanayoupoza. Kwa hiyo, tafadhali, katika maonyesho ya shule msiwaagize watoto kupaka vyungu rangi ya mafuta ili vipendeze. Mtungi uliopakwa rangi haupozi maji, na chungu kilichopakwa hakipikiwi.

Mtaala huo mzima, Waheshimiwa, hauingii katika kipindi cha dakika 40. Kinachofanyika sasa katika shule zinazojaribu ni kumwalika bibi siku moja, kumkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya paredi, afinyange chungu kimoja, apigwe picha, apewe kanga na soda. Watoto wameona, hawajajifunza. Mkono haufundishiki kwa kutazamwa. Mtoto anahitaji kuvunja vyungu vitatu vinne vyake mwenyewe, na bibi awepo kumwonyesha ufa ulianzia wapi.

Tunachopendekeza ni muhula mmoja wa wiki kumi na mbili, vipindi viwili mfululizo mara mbili kwa wiki. Wiki tatu za kwanza ziende kwenye udongo wenyewe, nne za kufinyanga, mbili au tatu za kukausha, moja ya kuchoma, na iliyobaki ya kukagua. Kwa darasa la wanafunzi 45, kila mmoja akihesabiwa kilo mbili za tope, ni kilo 90; ongezeni theluthi kwa ajili ya vitakavyoharibika, inakuwa kilo 120. Tope la vyungu vilivyoharibika kabla ya moto halitupwi, hulowekwa upya, na watoto wajue hivyo mapema ili wasiogope kukosea. Kwa vyungu vidogo 40 au 45 tayarisheni mizigo minne ya kuni kavu ya kichwani, magunia mawili ya makumbi au samadi, na majani makavu. Mahali pa moto pawe mbali na paa la makuti au nyasi, pipa la maji liwe karibu, na watoto wasimame hatua kumi nyuma.

Hofu ya kuni tunaielewa. Lakini moto huu ni wa saa mbili, makumbi na magunzi ni taka ambazo zingeoza, na tanuri moja la matofali hula katika usiku mmoja kuni ambazo mfinyanzi hazimalizi kwa miaka.

Kuhusu malipo tuseme wazi. Waswahili walisema mfinyanzi hulia gaeni, na waliyasema kwa kuyaona. Anayewafinyangia wengine vyombo vizima mwenyewe anakula kwenye kipande. Serikali isiwe sehemu ya methali hiyo. Bibi alipwe kwa siku, kwa kiwango cha fundi stadi wa halmashauri husika, na alipwe siku hiyohiyo au mwisho wa wiki. Kumwambia mtu wa miaka 78 asubiri hundi ya robo ya mwaka ni kumfukuza kwa adabu. Nauli iwe juu ya shule. Udongo, kuni na kinu viwe juu ya shule. Apewe kigoda na mkeka kivulini, asipandishwe kwenye meza, kwa sababu kazi yake ni ya chini na mgongo wake umeizoea hivyo. Na aruhusiwe kuja na mmoja wa binti au wajukuu zake kama msaidizi, naye alipwe nusu. Huyu msaidizi ndiye atakayekuwa mwalimu baada yake. Mkimwacha nyumbani mmemlipa bibi na kukata mnyororo.

Sehemu nyingine ufinyanzi una miiko: nani asogelee shimo, nani asiwepo motoni, siku gani udongo hauguswi. Shule za mchanganyiko zitakutana na suala hili. Ushauri wetu ni kumuuliza bibi mapema, faraghani, na kupitia mwanamke mwenzake. Mara nyingi hutoa njia mwenyewe: mwiko ubaki kwenye shimo la ukoo, na udongo wa shule uchimbwe pengine. Kinachoharibu ni kumkejeli mbele ya watoto.

Jambo jingine ni maneno. Anafundisha kwa lugha yake, na hatua nyingi alizonazo zina majina ambayo Kiswahili cha vitabuni hakina. Mwalimu wa darasa ayaandike kama yanavyotamkwa, pembeni aeleze kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni daftari moja, na ni kamusi ambayo ikishazikwa haifukuliki.

Shimo la udongo nalo linahitaji ulinzi wenu, hasa ninyi wa serikali za mitaa. Mfinyanzi akitengeneza vyungu 20 kwa mwezi, kila kimoja kilo tatu za udongo, hutumia kilo 720 kwa mwaka. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma 5,000 yenye kilo tatu kila moja hula tani 15, yaani udongo wa bibi huyu wa miaka 20. Wafyatua matofali si maadui zetu, nao wanatafuta riziki, lakini matofali hukubali udongo wa hali ya chini na chungu hakikubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imewapa vijiji mamlaka juu ya ardhi yao, na mipango ya matumizi bora ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Nusu ekari ya bonde iliyowekewa mipaka na kuandikwa "udongo wa wafinyanzi" inatosha vizazi. Mpima akifika, aongozane na bibi. Kwenye ramani bonde zima lina rangi moja, lakini yeye anajua ni kona gani.

Wapo watakaosema mtu asiye na cheti hawezi kuingia darasani. Nigeria ililijibu swali hili zamani. Ladi Kwali alizaliwa karibu mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, akafundishwa kufinyanga na shangazi yake, wala hakupitia shule rasmi. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji unaoitwa leo Suleja, akiwa mwanamke wa kwanza pale, na baadaye akawa mwalimu. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na sura yake akiwa na mtungi ipo kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970 kijana mmoja kutoka Kenya, Magdalene Odundo, alikwenda Abuja na kujifunza kwenye mikono ile; leo vyungu vyake, vilivyojengwa bila gurudumu, vimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani, na yeye mwenyewe alifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Shangazi wa Kwali hakujua kwamba somo lake lingefika huko. Kilicholifikisha ni nchi iliyomweka mpwa wake mahali ambapo wengine wangeweza kumwona akifanya kazi kila siku.

Botswana nayo iliuingiza ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mwaka 2012. Tanzania nayo imeridhia mkataba wa UNESCO unaosimamia orodha hiyo. Na hapa nyumbani VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utumike, ila bibi asipewe karatasi ya maswali. Mtihani wake uwe kazi: apewe udongo asiouzoea, aseme una kasoro gani, aufinyangie chungu, akichome. Kisha chungu kigongwe kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia, chenye ufa hukwama kama mtu mwenye kikohozi. Kijazwe maji usiku kucha asubuhi kipimwe kimepungua kiasi gani. Kibandikwe mafigani kichemshe maharage. Vipimo hivyohivyo vitawafaa wanafunzi wa amali, kwani mtihani wa ufinyanzi unaosahihishwa kwa kalamu peke yake utawapa alama wale wasiowahi kuchafua kucha.

Kwa wale mabibi ambao mwili hauruhusu tena kwenda shuleni, darasa liende uani kwao. Na kazi yao irekodiwe sawasawa: kamera iwe juu ya mikono na si usoni, ipige hatua nzima bila kukata, kamba ya udongo iwekewe rula pembeni mara moja ili unene ujulikane, na kilo moja ya udongo wa kila shimo ihifadhiwe kwenye ndoo yenye jina la mahali. Nakala ibaki kwa familia. Familia nyingi zimepigwa picha na watafiti ambazo hazikuziona tena.

Masika huisha Mei. Mabonde hukauka Juni, na udongo ukichimbwa wakati huo, ukalowekwa wiki ya kwanza ya Julai shule zinapofunguliwa, vyungu vinaweza kuchomwa Septemba kabla ya mvua za vuli. Kwa hesabu hiyo, barua za kuwaalika mabibi zinapaswa kuwafikia Aprili, zikipelekwa kwa mkono na mtu atakayekaa chini kuwasomea. Tunaomba kila halmashauri ianze na shule mbili. Sisi tupo tayari kukaa na maafisa elimu na maafisa utamaduni kupanga majina, mashimo na mahitaji, kata kwa kata.

Wenu katika kazi,

Walimu na mafundi wa ufinyanzi